Pikapu ya dizeli inasumbua kuwaka asubuhi: je, ni pampu?

Mkulima wa Muheza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa injini za dizeli. Nina pikapu aina ya Toyota Hilux yenye injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si ujazo wa lita tatu), ambayo hubeba machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini na mara moja moja hupanda Lushoto. Tangu masika yaishe imekuwa ikisumbua kuwaka asubuhi. Stata inazungusha kwa nguvu, kwani betri ni mpya, lakini inanibidi nipige muda mrefu, nipumzike, nirudie, ndipo injini ikamate kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe kabla ya kutulia. Ikishawaka haina neno: nguvu ni ile ile hata kwa mzigo, na nikiizima sokoni ikiwa ya moto, inawaka mara ninapogusa ufunguo. Lushoto kwenye baridi hali huwa mbaya zaidi. Fundi mmoja amesema pampu ya dizeli imechoka, ifunguliwe pamoja na nozeli zote, yaani vile vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda. Kabla sijatoa fedha ya msimu mzima, ningependa kujua kama dalili hizi ni za pampu kweli.

Fundi wa Ngamiani

Wa alaykum salaam, kaka. Usikubali pampu ifunguliwe kwanza. Pampu ya aina hiyo ikichoka, kwa kawaida husumbua ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli iliyopata joto huwa nyepesi na kuvuja katika nafasi zilizolika ndani ya pampu, shinikizo likashindwa kufungua nozeli. Gari la namna hiyo huwaka vizuri alfajiri na kukuaibisha sokoni. Lako linafanya kinyume chake.

Ninachokitaka kwako ni habari ya moshi. Kesho asubuhi mtu mmoja apige stata na mwingine asimame nyuma atazame eksozi. Moshi mweupe ukitoka wakati injini inazungushwa bila kuwaka, ujue dizeli inaingia kwenye silinda lakini haipati joto la kuiwasha, na hapo tutazungumzia plagi za hita, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, au kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Pasipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Nieleze pia gari hulala mahali pa namna gani, na kama ni mteremkoni, pua yake huelekea juu au chini.

Mkulima wa Muheza

Ahsante sana, fundi. Kijana wangu alisimama nyuma: mwanzoni hakuna moshi kabisa, kisha unaanza mweupe, na muda mfupi baadaye injini inakamata. Nyumbani kwangu ni mteremko na pikapu hulala pua ikiwa juu. Likilala kwa shemeji yangu Chumbageni, penye tambarare, huwa afadhali kidogo.

Fundi wa Ngamiani

Hapo umenipa jambo la maana. Katika injini hiyo hakuna pampu nyingine inayosukuma dizeli kutoka kwenye tangi. Pampu kuu yenyewe ndiyo inayoivuta, kupitia mabomba ya chini, mipira na filta. Kwa hiyo njia yote hiyo iko katika hali ya kunyonya, na penye ufa mdogo hewa huingia bila dizeli kudondoka hata tone. Ndiyo maana mtu anaweza kukagua chini ya gari, akakuta pakavu, akaamini kwamba hakuna tatizo. Usiku, hewa ikishapata upenyo, dizeli hurudi tangini polepole, na pua ikiwa juu hurudi kwa urahisi zaidi. Asubuhi stata inalazimika kuzungusha mpaka pampu iivute tena.

Kipimo chake hakina gharama. Kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza kile kitufe cha pampu ya mkono kilicho juu ya filta. Kikiwa laini na ikakubidi ubonyeze mara nyingi ndipo kiwe kigumu, kisha injini ikawaka upesi, hewa ndiyo adui yako. Halafu weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, uangalie mapovu injini ikiwa inanguruma. Ukiyaona, ning'iniza dumu dogo la dizeli safi karibu na injini na uingize humo mpira wa kuingilia filta. Mapovu yakikoma, ufa uko kati ya tangi na filta. Yakiendelea, uko kwenye filta yenyewe, hasa ringi ya mpira na ile pampu ya mkono, au mbele yake.

Dereva wa Pangani

Ninakubaliana na fundi, ila plagi za hita zisisahauliwe, kwa sababu kule kuzidi kusumbua Lushoto na ule mtetemo wa mwanzo havielezwi na hewa peke yake. Ondoa ule utepe wa chuma unaoziunganisha, kisha pima kila plagi kwa mita: iliyo nzima huonyesha kama omu 1 au pungufu, na iliyokatika haionyeshi njia kabisa. Usiijaribu kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri, kwani nyingine ni za volti 6 na zitaungua papo hapo.

Tena nakusihi, kaka, asije mtu akakushauri kumwaga petroli au kupuliza etha kwenye filta ya hewa ili iwake. Injini hii inabana hewa takriban mara 22, na plagi zikiwa za moto petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Ringi na pistoni ndizo zinazolipa. Na kwa sisi wa pwani, safisha nati za waya wa ethi, ule wa hasi ya betri, kwenye injini na kwenye chasisi, maana chumvi hutafuna pale hata betri ikiwa mpya.

Mkulima wa Muheza

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Kitufe kilikuwa laini kabisa asubuhi, na baada ya kukibonyeza hadi kikawa kigumu, pikapu iliwaka upesi, ingawa kwa kutetemeka. Mapovu yalionekana, na kwa dumu yakakoma. Tulipofuata mipira tuliukuta ufa chini ya klipu, pale bomba la chuma linapopokewa na mpira wa kwenda kwenye filta. Kwa juu hauonekani, lakini klipu ikilegezwa na mpira ukikunjwa, unafunguka kama mdomo. Plagi mbili kati ya nne zilikuwa zimekatika. Ethi tumezisafisha pia.

Fundi wa Ngamiani

Alhamdulillah. Badilisha mipira yote ya upande huo kwa mipira ya dizeli, si ya maji, kwa kuwa ya maji hulainika na kuvimba. Plagi nunua zote nne kwa kufuata namba na volti zilizoandikwa kwenye za zamani, na hakikisha rilei, yaani swichi yake ya umeme, inazipelekea umeme ufunguo ukiwashwa. Ukimaliza, toa hewa kwa pampu ya mkono, kisha ulaze pikapu mteremkoni vile vile pua ikiwa juu. Ikiwaka mara moja alfajiri, pampu yako haina haja ya kuguswa.