I2C imenishinda kwenye mashine ya alizeti: nihamie RS-485 au CAN?

Fundi_Kibaigwa: Wakuu, habari za mchana. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Nimeifungia bodi ya kusoma joto na kuzima mota joto likizidi; sensa inaongea na bodi kwa I2C, njia ya waya mbili ya chipu kuzungumza. Inakwenda vizuri mpaka mota kubwa iwashwe, hapo bodi inaganda. Keshokutwa kuna mtu anakwenda Kariakoo, nataka nimwagize moduli. RS-485 au CAN (njia nyingine za kupitisha data kwenye waya), ipi inavumilia kelele za umeme?

Mchunguzi26: Waya una urefu gani? Umepita wapi? Mota inawashwa kwa kontakta (swichi kubwa ya umeme) au invata (kifaa cha kubadili kasi ya mota)? Unaomba dawa na ugonjwa hujautaja.

Zabibu_Chungu: RS-485, usijichoshe. Kelele ikiingia nyaya zote mbili sawasawa, mpokeaji haioni, anasoma tofauti ya volti kati ya hizo mbili tu. Kwa kasi ndogo unafika mita 1200. Rezista ya omu 120 kila mwisho, umemaliza.

DadaSaketi: Umemaliza wapi, kaka? Kugundua makosa na kutuma upya ataandika nani? CAN inafanya hayo ndani ya chipu. Ila aangalie kristali (saa ya moduli): moduli nyingi za MCP2515, chipu ya CAN, zina ya 8 MHz, programu ikidhani ni 16 kasi inatoka nusu, halafu mtu anasingizia kelele.

Fundi_Kibaigwa: Samahani, nilisahau. Waya mita 6, kontakta, na umepita bomba moja na nyaya za mota.

Mchunguzi26: I2C mita 6, ndani ya bomba la mota! Mkuu, hiyo ni ya chipu zinazokaa bodi moja. Kikomo chake ni kapasitansi (chaji inayohifadhiwa na waya) ya pF 400, kebo yako peke yake inaweza kukimaliza. Na bodi haijaganda: sensa imeishikilia SDA (waya wa data) chini, draiva yako (programu ya kusoma sensa) inasubiri bila mwisho. Ipe draiva muda wa kukata tamaa, kisha itume mapigo 9 kwenye SCL (waya wa saa) na STOP (alama ya kumaliza). Hilo halihitaji Kariakoo.

Mzee_wa_Visima: Vijana, msikilizeni aliyeungua. Nilifunga RS-485 kwenye kisima upande wa Chamwino, Modbasi (lugha ya ujumbe kwenye waya), kasi 9600 (biti kwa sekunde), pampu ya invata. Pampu ikizimwa, majibu safi. Ikiwashwa, CRC (hesabu ya kukagua makosa) inakataa karibu kila ujumbe. Nikailaumu invata wiki tatu. Nilinunua kebo yenye ngao, nikavisha feraiti (vipete vya kuzuia kelele), nikachimba mtaro mwingine kwenye ule udongo mgumu, mnaujua wenyewe. Wapi! Kijana mmoja akaja na oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme). Baiti ya Modbasi ina biti 11, kwa 9600 ni kama milisekunde 1.15. Mimi kwenye draiva nilisubiri milisekunde 1 kabla ya kuzima pini ya DE (inayoruhusu kutuma). Biti ya mwisho ilikuwa inakatwa, waya unabaki unaelea. Pampu ikiwa kimya unaelea upande sahihi, ikinguruma kelele ndiyo inaandika biti. Nikabadili, nikasubiri bendera (alama ndani ya chipu) ya kumaliza kutuma. Mstari mmoja! Mtaro bado upo, kuku wanaogea vumbi humo.

Zabibu_Chungu: Kwa hiyo RS-485 haikuwa na kosa.

DadaSaketi: Kwenye CAN pini hiyo haipo kabisa, mzee wangu. 😀

Mpwa_wa_Kongwa: Athi (waya wa ardhini) mmeiangalia? Kiangazi huku ardhi ni kavu, nondo ya mita moja ni pambo. Mkaa na chumvi, mwagilia.

Mzee_wa_Visima: Chumvi inakula nondo, mwanangu. Chimba chini zaidi.

Mpwa_wa_Kongwa: Yangu ina miaka minne.

Mchunguzi26: Umeing'oa ukaitazama?

Fundi_Kibaigwa: Nimetoa waya kwenye bomba, nimewasha mara tano, imeganda moja. Mapigo 9 sijaandika bado. Huyu wa Kariakoo nimwambie nini, treni yake ni asubuhi?

DadaSaketi: CAN, moduli mbili.

Zabibu_Chungu: RS-485, nne, moja lazima iungue.

Mpwa_wa_Kongwa: Fundi, mashudu gunia unauzaje? Nina ng'ombe.