Kundi la familia, Wana wa Chumbageni (Tanga): vitu vya Shangazi na umeme wa 110

Shangazi Mwana (Minneapolis), 19:42
Assalaam alaykum wanangu. Mwenye kontena anataka orodha ya vitu ninavyorudi navyo nyumbani Jumamosi. Kabla sijaiandika nisaidieni jambo moja. Vitu vyangu vyote huku ni vya umeme wa 110. Nimeona transfoma ya wati 5000, muuzaji anasema nikiichomeka moja nyumba nzima inatumia. Nichukue?

Rehema (Dar), 19:44
Waalaykum salaam. Shikamoo Shangazi. 5000 😳 unarudi nyumbani au unafungua kiwanda?

Salehe (Dar), 19:47
Dada usihangaike na matransfoma. Kariakoo hapa stabilaiza zimejaa. Unaweka stabilaiza, unachomeka kila kitu, umemaliza. Friji langu mwaka wa nne huu liko kwenye stabilaiza, halijawahi kunisumbua.

Idi Fundi (Tanga), 19:53
Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Baba Mdogo nisamehe, naingilia kabla Shangazi hajatoa hela. Stabilaiza kazi yake ni moja, umeme ukiyumba inaurudisha kwenye volti 230. Friji lako ni la 230, ndiyo maana wanaelewana. Mashine ya Marekani inataka 120, ndiyo hiyo watu wanaiita 110. Ukiiweka kwenye stabilaiza umeipa 230 iliyonyooka, inaungua kwa utulivu.

Rehema, 19:54
"Inaungua kwa utulivu" 😂😂😂

Salehe, 19:55
Idi, stabilaiza yangu nyuma ina tundu limeandikwa 110. Macho ninayo.

Idi Fundi, 19:58
Kweli zipo hizo. Lakini tundu lile mara nyingi limewekewa kitu kidogo tu, wati zilizoandikwa kwenye boksi siyo zake. Soma kitabu chake kabla ya kulitwisha mzigo. Shangazi anataka kukandia mikate, siyo kuchaji redio.

Shangazi Mwana, 20:01
Marahaba wanangu. Sasa nifanyeje?

Idi Fundi, 20:06
Transfoma iweke pembeni kwanza. Chukua kila kitu, kigeuze tumbo juu, tafuta kibandiko. Ukiona 100-240V na 50/60Hz, hicho kinakula umeme wa kote, hapa kinataka plagi tu. Ukiona 120V 60Hz peke yake, hicho ni raia wa huko. Nitumie picha za vibandiko, tutavichambua kimoja kimoja. Vile vya chaji, kibandiko kiko kwenye chaji yenyewe, siyo kwenye simu.

Shangazi Mwana, 20:31
[picha 8]
Mgongo umeniuma. Nimegeuza hadi maikrowevu.

Idi Fundi, 20:40
Pole Shangazi. Laptopu, chaji za simu na ile mashine ya Baba Zai ya kupumulia usiku, zote 100-240. Hizo zinataka adapta ya kugeuza vile vidole bapa viingie kwenye soketi yetu ya pini tatu. Ila msichanganye, adapta inabadilisha umbo la plagi, umeme haiugusi kabisa. Unaoingia 230 unatoka 230.

Rehema, 20:42
Hilo mimi nina cheti chake. Mwaka 2016 Zai aliniletea draya la nywele, nikanunua adapta, nikawasha. Nilisikia upepo wa jehanamu sekunde kama tano, halafu moshi. Kitana nilikuwa nacho mkononi.

Zai (Minneapolis), 20:43
Na ukaniambia limepotea 🙄

Idi Fundi, 20:47
Madraya ya huko mengi ni wati 1875. Kitu cha kuchemka ukikipa umeme karibu mara mbili, joto linakwenda karibu mara nne. Rehema alikuwa ameshika kama wati 6900 kichwani. Soketi yetu mwisho wake haifiki hata 3000.

Rehema, 20:48
Alhamdulillah nina nywele

Shangazi Mwana, 20:52
Na mashine yangu ya kukandia unga? Hiyo siiachi hata kwa dawa. Nimeifanyia maandazi ya harusi huku miaka kumi na moja.

Idi Fundi, 21:01
Hiyo lete. Kibandiko kinasema 120V, 60Hz, wati 325. Cherehani nayo lete, imeandikwa 120V na ampea 1, zidisha, ni wati 120. Hizi ndizo zinazotaka transfoma ya kushusha. Sasa usiende kununua ya wati 325 kisa mashine ni 325. Mota inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya ilivyoandikwa, na unga mzito ukishaikaba inavuta tena. Kitu cha mota mimi nazidisha mara tatu. 325 mara tatu inakaribia 1000. Transfoma moja ya 1000 inakutosha, leo unakanda, kesho unashona. Za kwako zote ni mota za brashi, zile zinazotoa vicheche ukichungulia kwenye matundu, na hizo hezi haziwasumbui.

Salehe, 21:03
Hezi ndiyo nini tena

Idi Fundi, 21:04
Nakuja huko Baba Mdogo, ndiko penye maikrowevu.

Shangazi Mwana, 21:05
Uwii. Nini tena na maikrowevu yangu? Hiyo nilipewa zawadi nilipoaga kazini.

Idi Fundi, 21:13
Shangazi, transfoma inashusha volti, hezi, ile Hz ya kwenye kibandiko, haiziwezi. Umeme wa huko unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Maikrowevu ya kawaida ina lichuma lake zito ndani lililosukwa kwa 60. Ukilipa 50 linachemka kuliko lilivyotegemewa, hata kama volti umezishusha sawasawa. Friji la huko vilevile, kompresa yake inazunguka polepole na inapata moto. Hivyo viwili kwangu ni kuacha. Na saa za mezani zinazohesabu kwa umeme wa ukutani, zinapoteza dakika kumi kila saa.

Simu ya Bibi, 21:15
Ni mimi Tuma naandika. Bibi anasema soma tena hapo kwenye saa.

Idi Fundi, 21:16
Shikamoo Bibi. Dakika kumi kila saa moja.

Simu ya Bibi, 21:19
Marahaba. Anasema ile saa ya taa nyekundu aliyoletewa na Shangazi pamoja na kile kitransfoma chake, anaiweka sawa kila saa sita kamili mchana. Ikifika saa kumi na mbili jioni yenyewe inasema saa kumi na moja. Miaka yote. Anasema marehemu babu alikuwa anasema saa ile ina uvivu wa kizungu.

Idi Fundi, 21:20
Saa sita mara dakika kumi, dakika sitini. Bibi umepiga hesabu kuliko sisi wote humu.

Salehe, 21:22
Ngoja kidogo. Ile saa nimeipeleka kwa fundi MARA MBILI. Nimelipa elfu kumi na tano.

Rehema, 21:22
Stabilaiza ingesaidia Baba Mdogo? 😇

Salehe, 21:23
Rehema nyamaza.

Shangazi Mwana, 21:27
Mama nisamehe, mimi nilijua nakupa kitu kizuri. Idi, basi maikrowevu atabaki nayo Zai. Eafraya je? Na televisheni, inchi 55.

Idi Fundi, 21:36
Eafraya ni wati 1700. Kitu cha kuchemka hakihitaji mara tatu, ongeza robo tu, lakini robo yenyewe inakufikisha 2125, kwa hiyo utanunua transfoma ya 2500 au 3000. Dude la kubebwa na watu wawili, limekaa jikoni kwa ajili ya kukaanga viazi. Hela ya hiyo transfoma inanunua eafraya ya 230 hapa na chenji ya kuku. Na ile 5000 yako ndiyo usiiguse kabisa, ukiitumia kikamilifu inataka waya wake na breka yake kutoka kwenye meni swichi. Plagi ya ampea 13 haiubebi mzigo huo.

TV imeandikwa 120V. Yenyewe hezi hazina shida nayo, ndani umeme unageuzwa kabla haujatumika. Transfoma ya 500 inaiendesha. Ila kipokea matangazo chake cha ndani hakitashika chaneli zetu, mfumo wa huko na wa hapa ni mbali mbali. Lazima king'amuzi.

Salehe, 21:37
TV ilete tu dada. King'amuzi ninacho.

Rehema, 21:37
Nani kasema inakwenda kwako

Salehe, 21:49
[picha]
Haya nimepita dukani sasa hivi hapa hapa mtaani, mwenyewe alikuwa anafunga. Angalieni hii, wati 1600, inaingia mfukoni, bei ya kutupa. Idi anakutajia transfoma ya 1000 ya kubeba kwa mikono miwili.

Idi Fundi, 21:55
Baba Mdogo hiyo nyepesi ni ya msafiri. Haina ule mzigo wa shaba na chuma ndani, inaukatakata umeme tu. Pasi ndogo dakika tano itakubali. Ukiweka mota au kitu chenye skrini, utakuwa umeua kwa mkono wako. Transfoma ya kweli ni nzito. Ukiinyanyua bila kuguna, iulize maswali.

Shangazi Mwana, 21:58
Niinunue huku au huko?

Idi Fundi, 22:06
Naomba uinunue huku kwetu Tanzania, ije na plagi yetu na upate pa kuirudisha. Iwe na pini ya ethi pande zote mbili, na fyuzi inayobadilishika. Ukifika nitakuja na mita. Tunaichomeka tupu, napima inatoa ngapi, ikiwa kati ya 110 na 120 ndipo mashine inaingia. Na jueni, ile inagawa kwa mbili tu. Ukutani pakishuka 180, Shangazi anapata 90, mashine itakoroma. Siku hizo usikande.

Rehema, 22:08
LUKU je? Transfoma inakula uniti za umeme ikikaa tu?

Idi Fundi, 22:09
Inakula. Kidogo, lakini usiku kucha ni usiku kucha. Iguse utaikuta vuguvugu hata bila kitu. Ukimaliza zima swichi ya ukutani.

Zai, 22:14
Na mimi jamani. Mama akija huko naomba mbuzi ya umeme. Nazi za kopo zimenichosha. Inawezekana kuitumia huku?

Rehema, 22:17
Yangu hii nimeigeuza, 220-240V, 50Hz, wati 250. Nimeambukizwa ugonjwa wa kugeuza vitu.

Idi Fundi, 22:23
Inawezekana Zai, ila wewe unataka transfoma ya kupandisha, 120 kwenda 230. Hesabu ile ile ya mota, chukua ya 750 au 1000. Zingine zina swichi ya kupandisha na kushusha kwa pamoja, hizo iangalie swichi mara mbili kabla ya kuchomeka. Kama mota yake haina brashi itakwenda kasi kidogo kuliko hapa, linda vidole. Usije ukaomba na birika la hapa la wati 2200, soketi ya huko mwisho ni ampea 15, yaani wati 1800. Haitoshi hata uweke transfoma ya ukubwa gani.

Zai, 22:24
Birika yapo. Nazi ndiyo shida.

Shangazi Mwana, 22:30
Haya naandika. Vinakuja: laptopu, chaji, mashine ya Baba Zai, ya kukandia, cherehani, TV. Vinabaki: maikrowevu, eafraya, friji, draya. Idi nitafutie transfoma ya 1000, hela nakutumia kesho. Ya TV mwenye TV atajinunulia.

Salehe, 22:31
Ahsante dada 🙏

Rehema, 22:31
Hajakutaja!!

Simu ya Bibi, 22:36
Bibi anasema Mwana asije na saa nyingine. Hii ameshaizoea, anajua inavyochelewa.