Maandamano yalishatangazwa, tiketi ikauzwa: hasara ni ya abiria peke yake?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kukimbilia lile jibu la "ulijua, ukaenda mwenyewe." Ndilo anapewa kila Mtanzania anayesimulia alivyokwama Kenya siku ya maandamano. Nami nimeambiwa hivyo, na limenichoma.

Ilikuwa Jumatatu, 7 Julai 2025. Nilitoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi kwa basi dogo la Nairobi, nikimsindikiza mama mdogo aliyekuwa na miadi ya macho kesho yake. Namanga tukagongewa mihuri, tukaendelea. Kuanzia ofisi ya tiketi hadi mpakani hakuna aliyetutajia maandamano. Tulipokaribia Kitengela, mji ulio nje kidogo ya Nairobi, magari yaliyotangulia yakaanza kugeuza. Dereva akaingia pembeni, akazima injini. Mbele ulikuwa unapanda moshi mweusi wa matairi. Kondakta akafungua mlango: "Mwisho hapa wazee, mbele hakupitiki." Nikamuuliza habari ya nauli ya kipande kilichobaki. Akanionyesha nyuma ya tiketi, palipoandikwa kwamba nauli hairudishwi.

Mama mdogo anaona kwa jicho moja tu. Nilimshika mkono tukatembea kufuata ukuta, na moshi wa mabomu ya machozi ukatufikia kabla hatujajua tuelekee wapi. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alituvuta ndani, akateremsha mlango wa bati, akalowanisha leso na kumpa mama mdogo ajifunike uso. Tulikaa humo hadi jioni. Hakutaka tumlipe hata chai. Mungu amjalie popote alipo.

Turudi kwenye hoja. Je, kweli tulijua? Ndani ya lile basi kulikuwa na mfanyabiashara wa Moshi aliyeichagua siku ile kwa makusudi. "Si Sabasaba leo, sikukuu?" aliniuliza. Kwetu Sabasaba ni maonyesho ya biashara na mapumziko. Kwa Wakenya ni kumbukumbu ya 7 Julai 1990, mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi uliopigwa marufuku, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliouitisha wakiwa wameshakamatwa siku chache kabla. Tarehe ile ile, jina lile lile, na mtu wa Moshi hana sababu ya kujua tofauti yake. Mwenye kampuni ya basi anayepeleka gari Nairobi kila siku ndiye anayejua. Siku kumi na mbili tu zilikuwa zimepita tangu maandamano ya 25 Juni, ya kuwakumbuka waliouawa mwaka 2024 siku waandamanaji walipoingia Bungeni kupinga Muswada wa Fedha. Sabasaba ilikuwa inasubiriwa. Alfajiri ya siku hiyo polisi wakafunga barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi, na mabasi ya masafa marefu yakazuiwa nje ya jiji. Tume ya haki za binadamu ya Kenya baadaye ilihesabu watu wasiopungua 31 waliokufa. Mbele ya misiba hiyo nauli yangu ni kitu kidogo, nalijua hilo, na sisemi vijana wale wasingeandamana.

Ninachosema ni hiki: siku ya maandamano ikishatangazwa, mwenye basi anayeendelea kuuza tiketi ya siku hiyo ana wajibu wa kumwambia mteja dirishani, na kumruhusu abadilishe tarehe bila kulipa tena. Nimetaja kubadilisha tarehe, sijadai fidia.

Rafiki yangu mwenye mabasi mawili ananipinga vikali. Anasema kila wiki kuna uvumi wa maandamano mahali fulani, na akiruhusu kila mwenye hofu aahirishe, gari litatoka na viti vitupu huku mafuta ni yale yale. Anaongeza kwamba gari likichomwa moto hasara ni yake, abiria hachangii. Namwelewa, na hoja ya gari kuchomwa sina jibu lake. Lakini uvumi si sawa na tarehe iliyotangazwa wazi. Na ndege wanaweza: kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema safari ikifutwa, hata kwa machafuko ya kisiasa, abiria achague kurudishiwa nauli au kupangiwa safari nyingine. Kinachoweza kukataliwa ni fidia ya juu ya hapo.

Wapo wanaosema dawa ni kutosafiri. Mgonjwa aliyepewa miadi afanyeje? Mwanafunzi anayefungua chuo? Tena mambo haya si ya Kenya peke yake. Siku ya uchaguzi wetu, 29 Oktoba 2025, Dar es Salaam iliwekwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Mkenya aliyekuwa Kariakoo kufuata mzigo siku zile naye tumwambie alijua?

Mama mdogo alikosa ile miadi, akapangiwa nyingine baada ya wiki tatu. Tulikata tiketi upya, nauli kamili, kwa kampuni ile ile.

Nawaomba hasa mnaokata tiketi Arusha, Namanga na Nairobi mseme: abiria akija dirishani siku mbili kabla ya maandamano akaomba kusogeza safari, mnaruhusiwa kumsaidia? Na kama hamruhusiwi, ni nani anayekataza?