Naomba ushauri: mama hamezi tangu apate kiharusi

Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu, miaka 67, ana wiki ya saba tangu apate kiharusi. Mkono umeanza kurudi, ila kumeza bado: kijiko kimoja cha maji anapaliwa, anakohoa mpaka machozi. Analishwa kwa mpira wa puani, na nimonia imeshampata mara moja. Tumejaribu kumkalisha wima na kuinamisha kidevu. Uji mzito unapita kidogo.

Mdogo wangu aliyeko Uingereza kasikia tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku, bila upasuaji. Tatizo, siku ya pili baada ya kiharusi mama alishikwa na kifafa, na sumaku hiyo huweza kukiamsha.

Kuna aliyeipata hapa Dar? Na mpira wa tumboni tuukubali sasa au tusubiri?