Gari kuvuta upande na matairi kuliwa: tupeane uzoefu wa alaimenti

Mama Safari
Wakuu, leo nimepishana na gari imeegeshwa pembeni, tairi moja la mbele limenyooka, lingine limegeukia mtaroni. Nimekumbuka mbali. Waliowahi kusumbuliwa na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) njooni: mliijuaje, na fundi alirekebisha nini?

Yangu ilianza kimya kimya. Matairi mapya, ukiyatazama umesimama huoni kitu. Siku moja naosha gari nikapitisha kiganja kwenye uso wa tairi: kwenda laini, kurudi linakwaruza. Hapo tairi linaburutwa ubavu kila linapozunguka, kwa sababu mawili ya mbele hayatazami sambamba. Nikainama na tochi. Bega la nje lina meno yote, bega la ndani nyuzi zimeanza kutokeza! Matairi yalikuwa yametanuka kwa mbele, kila moja likitazama nje.

Dereva wa Usiku
Kiganja hakidanganyi. Naunga mkono.

Mzee Spana
Kabla hamjakimbilia alaimenti, tofautisheni. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, mara nyingi ni balansi, yaani uzito wa gurudumu haujasawazishwa. Gari ikivuta upande kwenye barabara tambarare, anza na upepo, upime matairi yakiwa ya baridi. Kisha sogeza mkono karibu na rimu baada ya safari. Yenye joto kuliko mwenzake, breki yake imeng'ang'ania. Bado inavuta? Badilisha tairi la mbele kushoto liende kulia, isipokuwa yale yenye mshale wa mzunguko. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi lenyewe lina kasoro na alaimenti haitakusaidia.

Kipanga
Mama Safari umenigusa. Hiyo gari uliyoiona ndivyo yangu ilivyokuwa.

Nilibadilishiwa tairodi endi (kiungo cha mwisho cha rodi inayogeuza gurudumu) ya kushoto kwenye gereji moja, wakafanya na alaimenti. Natoka pale, gari inakwenda sawa. Baadaye usukani ukaanza kukaa upande. Leo kidogo, kesho umezidi. Nikarudi, nikaambiwa ni barabara mbovu, nitazoea. Matairi yakaanza kulia kwenye kona hata nikienda taratibu.

Siku ya tukio nina wanangu nyuma. Tunashuka mteremko, lori linapanda, mbele kuna kona. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeshapunguza mwendo. Nikakata usukani, nikasikia "ko!" chini ya miguu yangu. Tairi la kulia likakata kona, la kushoto likaenda linakotaka lenyewe. Gari ikaburuzika kuelekea upande wa lori, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, tukasimama dereva wa lori ameshapanda ukingo kutukwepa. Mtoto mdogo ananiuliza mbona tumesimama katikati. Nilishindwa kumjibu.

Fundi mwingine alipokuja akanionyesha: nati ya kufungia tairodi haikukazwa. Rodi ilikuwa inajizungusha pole pole kwenye nyuzi zake za skrubu, ndiyo maana usukani ulikuwa unahama siku hadi siku, mpaka ikachomoka. Usukani unaoendelea kuhama baada ya alaimenti msiuzoee!

Dereva wa Usiku
Pole sana kaka. Nimesoma nywele zimesimama.

Binti Gia
Mungu ni mwema. Watoto wazima?

Kipanga
Wazima kabisa dada, asante.

Tajiri wa Matairi
Ushauri wangu mfupi: yakianza kuliwa hamishia nyuma, ya nyuma yaje mbele. Unayatumia mpaka yaishe, fundi humpi kitu.

Binti Gia
Ndugu, baada ya hadithi ya Kipanga unaandika hivyo? Unahamisha ushahidi, ugonjwa unaubakiza.

Tajiri wa Matairi
Mimi naongelea matairi, siyo tairodi.

Binti Gia
Kinachoyala matairi ni nini sasa?

Uzi Tu
Mashine siyo lazima. Gari ikae pa tambarare, usukani katikati, vuta uzi kila upande usawa wa kitovu cha gurudumu, sambamba na mstari wa kati wa gari. Usiuegemeze kwenye matairi ya nyuma ukadhani umemaliza, upana wa mbele na nyuma mara nyingi haulingani. Pima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa rimu, upande wa mbele na wa nyuma wa rimu hiyohiyo. Tofauti inayotakiwa ni milimita chache, kitabu cha gari yako ndicho kinachosema ngapi. Legeza nati, zungusha rodi pande zote mbili kwa kiasi kilekile usukani usiende upande. Ukitoka kwenye jeki sukuma gari mbele na nyuma itulie, ndipo upime tena.

Nyota Nne
Uzi wako utaonyeshaje kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kuelekea mbele au nyuma? Na gari za kisasa zenye kihisi cha usukani, ukigusa tu taa zinaweza kuwaka kwenye dashibodi mpaka kisawazishwe. Mnawapoteza watu.

Uzi Tu
Kasta haili matairi mkuu. Aliyelalamika hapa analiwa matairi.

Nyota Nne
Lakini kasta ikitofautiana kushoto na kulia gari inavuta, na kichwa cha habari kinasema kuvuta!

Mzee Spana
Wote mna haki yenu. Ila uzi na mashine vyote vitakudanganya kama bushi (mpira wa kwenye maungio) au bolijointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu) imechoka. Inua gari, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, badilisha kilichochoka kwanza. Anayekupimia bila kutikisa, mwondokee.

Mama Safari
Mzee, na la ndani likiliwa lakini kiganja hakikwaruzi?

Mzee Spana
Hapo angalia kama tairi limeinamia ndani kwa juu. Springi iliyolegea au shokapu iliyopinda huleta hivyo. Gari nyingi ndogo hazina pa kurekebisha hilo mbele bila kuweka bolti maalumu, kwa hiyo akuonyeshe vipimo vya kabla na vya baada.

Binti Gia
Kipanga, ya kulia nayo ulibadilisha?

Kipanga
Zote mbili. Na nati nimezipiga mstari wa rangi mpaka kwenye rodi. Nikichuchumaa naona kama imesogea.