Wamechukua fedha zangu, hawakunipa umeme, kisha wakanishukuru

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa bado nimeegesha mbele ya mashine yenyewe, na hasira imenikaba kooni. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa kila mwenye gari la umeme humu anawajua: ni wale wenye vituo vinavyometameta usiku kucha na simu ya huduma kwa wateja isiyopokelewa mpaka dunia iishe.

Nimefika betri ikiwa taabani. Nikagusisha kadi ya benki mahali palipochorwa picha ya kadi, mashine ikanijibu kwamba kadi haipokelewi na kwamba ni lazima nipakue programu yao. Nikapakua. Programu ikataka jina, barua pepe, anwani, namba ya gari na tarehe ya kuzaliwa, maswali ambayo hata mshenga hasumbuliwi nayo. Nikajibu yote. Ikanidai niweke salio kwanza, na kiwango cha chini cha kuweka kilizidi thamani ya umeme wote niliouhitaji. Nikaweka. Mashine ikanguruma kidogo, ikazimika, kisha skrini ikaandika: "Umepokea uniti 0.00. Asante kwa kuchaji nasi."

Asante kwa kuchaji nasi! Ningeandikiwa kwamba mashine ni mbovu, ningeondoka kimya. Ningeandikiwa samahani, ningesamehe. Lakini mtu achukue fedha zangu, aninyime umeme, aandike sifuri kwa mkono wake mwenyewe, halafu anishukuru? Nimewapigia simu, na baada ya muziki ambao nitausikia mpaka kaburini, mhudumu akaniambia kwa sauti ya upole kwamba mfumo unaonyesha nimehudumiwa kikamilifu. Nikamuuliza nimehudumiwa nini, ilhali risiti yao yenyewe inasema sifuri. Akanijibu: "Asante kwa kuchaji nasi."

Msomaji wa Mita: Pole sana, mkuu. Watu hao wametutesa wengi. Jambo moja tu nikueleweshe: ukilipa kwa kadi, mara nyingi fedha huwa zimezuiwa tu na benki, kwa kuwa mashine haijui mapema utachukua umeme kiasi gani, hivyo huomba benki itenge kiasi cha juu, na kinachobaki huachiwa baadaye. Wewe lakini umeweka salio ndani ya programu yao. Hizo zimeshakwenda, na kuzirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Mleta uzi: Nashukuru kwa maelezo, mkuu, ila hata zingekuwa zimezuiwa tu, kwa nini nimeshukuriwa?

Nyundo: Mleta uzi, unalia kwa sababu umepewa asante? Mimi nilikatiwa umeme katikati, nikatozwa, na skrini ikabaki nyeusi bila neno. Jikaze.

Mama Betri: Nyundo, usimkejeli mwenzako. Tatizo ni kulazimishwa kujisajili. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 13, 2024, chaja mpya za umma zenye nguvu ya kilowati 50 na kuendelea zinapaswa kupokea malipo ya kadi bila mteja kuwa na mkataba na kampuni. Uingereza nayo inawataka wenye vituo vya umma waweke simu ya msaada ya bure, saa 24. Jambo linawezekana kabisa, wao hawataki tu.

Dereva Mpole: Kujisajili si kitu. Chaja ninayoitegemea mimi iko chini ya jengo, ambako mtandao wa simu haufiki, na malipo yanapitia kwenye simu pekee. Ninapanda ngazi kuanzisha malipo, ninashuka, muda umekwisha, ninapanda tena.

Saa Ukutani: Nyote mna nafuu. Mimi ninatozwa kwa dakika badala ya uniti. Betri ikiwa na baridi inapokea umeme polepole, na ikipita asilimia 80 gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji ili kuilinda, lakini dakika zao hazipungui. Ninalipia muda wa kusubiri kwa bei ya umeme, na huo ndio wizi mkubwa kuliko wote uliotajwa humu.

Nyundo: Si kweli, mkuu. Wizi mkubwa ni faini ya kuegesha baada ya betri kujaa. Juzi waya wao uling'ang'ania kwenye gari langu, ukakataa kuachia, na faini ikaendelea kupanda huku nikiuvuta kwa mikono miwili.

Saa Ukutani: Faini ya kuegesha ni halali, kwa sababu wapo wanaojaza betri kisha wanaenda kulala huku sisi tumepanga foleni. Malipo ya dakika ndiyo hayana utetezi.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye hoja. Mashine imeandika uniti 0.00, kisha ikaniandikia asante.

Nyundo: Nimesema waya ulikataa kuachia! Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeushika.

Mama Betri: Na masalio je? Nina programu za makampuni mengi kwenye simu, na kila moja imebakiza kiasi kisichotosha kuchaji na kisichoweza kurudishwa benki. Mwenye kujua namna ya kuyatoa aniambie.

Dereva Mpole: Mimi waliniambia nifunge akaunti ndipo nirudishiwe. Kuifunga kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwa simu, na namba hiyo haijafika mpaka leo.

Saa Ukutani: Nyundo, ulibonyeza kitufe cha kufungua ndani ya gari kabla ya kuuvuta waya?

Nyundo: Nilibonyeza mpaka kidole kikauma, mkuu, na kwenye skrini dakika za faini zilikuwa zikihesabiwa.