Naomba ushauri: watoto wawili hawasikii, kipimo cha jeni hakijaonyesha kitu

Salaam ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunasikia vizuri, ila kati ya watoto wetu watatu, wawili wamezaliwa viziwi. Mume wangu ni mtoto wa mjomba wangu. Daktari anasema huenda sote tumebeba nakala moja yenye hitilafu ya jeni ileile, na mtoto akirithi zote mbili hasikii. Kila mimba uwezekano ni asilimia 25. Hapo nimeelewa. (Majirani wana maelezo yao, tuyaache.)

Vipimo vya masikio vimeonyesha tatizo liko sikio la ndani. Hawakuugua homa ya uti wa mgongo, hawakupata manjano kali wala kuchomwa sindano za jentamisini (antibiotiki), mambo yanayoweza kuharibu usikivu. Tukalipia kipimo cha jeni ya GJB2, ile inayotengeneza koneksini 26, protini inayopitisha potasiamu kati ya seli za sikio. Imekutwa nzima. Baadaye ndipo nikasoma kwamba Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha nchi chache kama Ghana, jeni hiyo si chanzo kikubwa kama ilivyo Ulaya.

Maswali yangu:

Kwa walio Dar, kuna mnapopeleka sampuli kupima jeni nyingi kwa pamoja, na gharama ikoje?

Pili, huyu mkubwa alichelewa sana kutembea, na siku hizi giza likiingia anajikwaa ovyo. Nimesoma kuhusu ugonjwa wa Usher, unaogusa masikio na macho. Nianze kwa daktari wa macho, na nimwombe kipimo gani hasa?